ORDINATERI ZA DEPO: TUZIFUNGUE KWANZA, KISHA TUUZE



Kila mutu katika masomo yetu anajua depo iliyo nyuma ya atelie ya elektrisite. Ndani yake muna ordinateri 17 za meza, zile za zamani zenye sanduku la chuma, pamoja na ekra zake, klaviye zake, na kamba za umeme zilizofungana kama matumbo ya mbuzi. Katika musururu wa asubuhi tulitangaziwa ya kwamba mbele ya likizo kubwa depo itasafishwa. Mutu wa mitraye atakuja na mizani yake, atapima chuma, atalipa, atabeba. Pahali pale patawekwa mabanki yanayongoja kutengenezwa.

Sisi makapita, pamoja na wafinalisti wenzetu, hatuandiki juu ya kupinga wakubwa. Prefe wetu ana haki ya kutaka depo safi, na komite ya wazazi ina haki ya kutafuta pesa. Tunaomba neno moja tu: tusiuze kwa kilo kitu ambacho hatujakifungua. Tufungue kwanza. Kile kilichokufa kweli, kiende. Kile kilicho kizima, kibaki hapa kifanye kazi.

Tunajua wengi watacheka. Tumesikia hata katika refektwari: "Bile bintu bilisha kufa, bauzishe tu na mitraye!" Basi tunaomba wenye kucheka wasome mpaka mwisho, kisha wacheke kama bado wanataka.

CHURA WA INFORMATIKE

Somo la informatike tunalifanya kwa chaki. Mwalimu anachora klaviye ubaoni, sisi tunaichora katika kaye. Tunakariri: vyombo vya kuingiza, vyombo vya kutoa, memwari hai, memwari ya kudumu. Katika darasa letu kuna mwanafunzi anayeweza kutaja sehemu zote bila kosa, anapata 18 juu ya 20, na mukono wake haujagusa suri hata siku moja. Mwalimu hana kosa, anafundisha na kile alicho nacho. Lakini ni ajabu ya kwamba mita hamsini toka ubao ule kuna ordinateri 17, na hakuna mwanafunzi anayeona tumbo lake.

Wenzetu wa biochimie wanapasua chura ili wajue moyo unakaa wapi. Hakuna anayesema chura yule haina faida kwa sababu amekufa. Kwa kufa kwake anafundisha. Sasa, chura wetu wa informatike yuko depo, na tunataka kumuuza kwa kilo!

KUFA KUNATOFAUTIANA

Mutu akisema ordinateri imekufa, tumuulize: imekufa na nini? Hata katika dispanseri hawasemi tu "huyu anagonjwa". Wanatafuta kama ni malaria ao ni tumbo. Ordinateri nazo ziko na magonjwa yake, na mengi kati yake yanapona bila pesa nyingi.

Tuanze na zile tatu zenye karatasi nyeupe ya namba. Ziliungua siku ileile zilipofika toka ng'ambo. Wakubwa wetu waliotutangulia walieleza namna ilivyokuwa: waliingiza kamba katika prizi, wakasikia "paa!", moshi ukatoka, wakazibeba depo. Sababu inaonekana mpaka leo nyuma ya sanduku. Kuna kitufe kidogo chekundu, upande mumoja kimeandikwa 115, upande wa pili 230. Huko Marekani umeme wa nyumba ni volti 120, kwetu ni 220. Kitufe kilibaki kwenye 115, na hakuna aliyekitazama. Kilichoungua hapo ni alimantasio, ni kusema lile sanduku la ndani linalopokea 220 na kuigeuza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3,3 ambazo ordinateri inakula. Mara nyingi alimantasio inakufa peke yake, kama sentineli aliyepigwa mulangoni, na wale walio ndani ya nyumba wanabaki wazima. Si kila mara, lakini mara nyingi. Bila kufungua, nani anaweza kujua?

Kuna nyingine inayowaka, ventilateri inazunguka, lakini ekra inabaki nyeusi na sanduku linalia "bip, bip, bip". Kilio kile si cha kukata roho. Ni lugha. Ordinateri inasema kuna kitu haikioni, na mara nyingi kitu kile ni memwari hai, ule ubao mwembamba wenye meno ya rangi ya zahabu. Unyevu wa masika na uchafu vinashika meno yale, umeme haupiti vizuri. Dawa yake ni gome ya kufutia kalamu. Unatoa ubao, unapangusa meno polepole, unapuliza, unaurudisha mpaka vishikio viwili vinasema "tak". Trimestri iliyopita mwalimu wa elektrisite alituruhusu kujaribu hivyo juu ya moja, mbele ya macho yake. Ekra iliwaka, na wale waliokuwa wakicheka kwenye dirisha walinyamaza. Gome ilikuwa ya mutoto wa mwaka wa kwanza.

Kuna inayowaka dakika kumi, kisha inajizima. Hiyo inaona joto. Kila mutu anajua vumbi nyekundu yetu ya Katanga, toka mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa. Vumbi ile inaingia katika ventilateri na kuvaa juu ya prosesa kama blangeti. Prosesa ni ubongo wa ordinateri. Ikipata joto kali inajizima yenyewe ili isiungue. Burashi ya rangi iliyo kavu, subira, na mafuta kidogo yale mazito ya kupitisha joto ambayo mafundi wa telefoni wanatumia, vinatosha.

Kuna inayosimama mwanzoni, inaandika maneno ya kizungu, inaonyesha tarehe ya zamani sana, na mutu anaogopa. Hiyo imepoteza kumbukumbu ya saa tu. Juu ya karti-mama, ule ubao mukubwa unaobeba vyote, muna betri ndogo ya mviringo kama franka ya chuma, namba yake CR2032, volti 3. Ikiisha, ordinateri inasahau tarehe na mipango yake kila inapotolewa katika prizi. Ukibadilisha betri, imekwisha.

Ugonjwa wa taabu zaidi ni wa kondansateri, zile kopo ndogo zinazosimama juu ya karti-mama. Kichwa cha kopo nzima ni sawasawa kama meza. Kichwa cha ile iliyogonjwa kimevimba, mara nyingine kimepasuka na kutoa maji ya rangi ya kahawa. Ordinateri nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 ziliingia na kondansateri mbaya za namna hii, duniani pote, si kwetu tu. Wenzetu wa elektrisite wanajua kusude. Wanaweza kuondoa kopo mbaya na kuweka nzuri iliyotoka katika karti nyingine. Sheria ni tatu: mikrofaradi zilingane, volti zisipungue, na upande wenye mustari wa kutoa ukae pahali pake. Hii ndiyo pratike ya kweli, na inaweza kupewa pointi.

Mwisho, kuna zilizokufa kabisa. Karti-mama imepasuka, diski inagonga "tak-tak-tak" na haisomi. Hizo hatudanganyi mutu ya kwamba zitafufuka. Lakini mutu akifa katika kijiji, jembe lake halizikwi naye. Ventilateri yake ni ya volti 12, inazunguka vizuri na betri ya panele ya jua. Memwari yake inaweza kusaidia jirani, kama ni ya jamaa moja (DDR2 haiingii pahali pa DDR3, pengo la meno halilingani, na mwenye kulazimisha atavunja). Ndani ya diski muna magneti mbili zenye nguvu kuliko zote tulizo nazo katika kabati ya fizike. Visi, kamba, klaviye, vyote vina kazi.

Hesabu yetu ni hii: ile yenye alimantasio nzima na karti mbaya, pamoja na ile yenye karti nzima na alimantasio mbaya, ni ordinateri moja. Hatuahidi 17. Tukipata tano, ni tano zaidi ya sifuri tuliyo nayo leo.

NA ZITAFANYA KAZI GANI?

Wengine wanasema: "Hata zikiwaka, ni za zamani, dunia ilisha kwenda mbele." Ni kweli ya kwamba hazina nguvu. Windows XP iliyo ndani yake iliachwa na kampuni yake tangu mwezi wa nne 2014, na haifai kuunganishwa na intaneti. Lakini tunataka kuzifanya nini? Tunataka kujifunza kuandika barua na vidole kumi. Tunataka kufanya tablo za hesabu kwa wenzetu wa komersiale. Tunataka mutoto wa mwaka wa kwanza ashike suri mbele ya kuichora. Kuna Linux, programu ya bure, na namna zake nyepesi zinazokubali mashine ndogo. Kuna Kiwix, inayosomesha ansiklopedia ya Wikipedia bila intaneti, kwa kifaransa na hata kwa kiswahili. Klaviye ya mwaka 2006 ina A na Z pahali palepale pa klaviye ya leo.

Tena tuangalie mbele. Tarehe 14 ya mwezi wa kumi 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na ordinateri nyingi zilizo nzima hazikubaliwi na Windows 11. Wenye ofisi za ng'ambo wanatafuta pahali pa kuzipeleka, na zingine zitafika kwetu, kwa zawadi ao kwa kuuzwa. Zitatukuta tukiwa watu gani? Watu wanaojua kuchagua nzima na kukataa mbovu, ao watu wanaopokea vyote kwa makofi na kuvijaza depo?

MOSHI

Mutu wa mitraye ni mutu wa kazi yake, hatumusemi vibaya. Yeye ananunua chuma, shaba na aluminiamu. Memwari, prosesa, karti, kwake ni uzito tu. Tena kamba za umeme hazichambuliwi na kisu, zinachomwa. Sote tumeona watoto wa kartie nyuma ya uwanja wa mupira wakichoma kamba juu ya kupata shaba ya ndani. Moshi ule mweusi unatoka katika plastiki iitwayo PVC, na ndani yake muna sumu inayoitwa dioksini. Huko Accra, katika Ghana, pahali panapoitwa Agbogbloshie, vijana walichoma kamba na vyombo vya umeme kwa miaka mingi, mpaka dunia yote ikapajua kwa moshi wake. Mwaka 2021 serikali ilibomoa soko lile la vyuma, lakini kazi ya kuchoma ilitawanyika katika kartie zingine.

Ekra zile za tumbo kubwa ndizo mbaya zaidi. Kioo chake kimechanganywa na risasi, ile ya uzito, na katika ekra moja inaweza kupita kilo moja. Risasi ikiingia katika mwili wa mutoto inaharibu ubongo wake, na hakuna dawa inayorudisha kilichoharibika. Nani atavunja ekra zile? Hatavunja mutu wa mitraye mwenyewe. Watavunja wadogo zetu.

Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na ni 22,3 kwa mia tu zilizojulikana ya kwamba zilikusanywa na kutengenezwa upya kwa kanuni. Ordinateri 17 si kitu mbele ya hesabu ile. Lakini zile milioni 62 zilifanywa na depo ndogondogo kama yetu.

UDONGO WETU UMERUDI

Tena kuna neno ambalo sisi Wakongomani hatuwezi kulipita. Zile kondansateri ndogo za rangi ya manjano juu ya karti-mama zinafanywa na tantale, na tantale inatoka katika koltani, ile inayochimbwa Rubaya, huko Masisi. Etani ya kusude inatoka katika kasiteriti, ile ya Bisie, huko Walikale. Shaba ya kamba ni jamaa ya shaba ya Likasi na Kolwezi. Meno ya memwari yamepakwa zahabu nyembamba. Kobalti ya Kolwezi iko zaidi katika betri za telefoni na za ordinateri za mukononi, na nusu ya dunia na zaidi inaipata kwetu. Hatusemi ya kwamba ordinateri hizi 17 zilitoka katika shimo fulani. Tunasema vitu ni vilevile, na watu wanaingia katika mashimo, na wengine hawatoki, juu ya vitu vile.

Udongo ulitoka kwetu kwa kilo. Ukaenda mbali, ukapata akili, ukarudi kama mashine. Na sisi tunataka kuuuza tena kwa kilo, bila kusoma akili iliyowekwa ndani. Neno hili lingepashwa kumuumiza kila mwanafunzi.

MAJINA YALIYO NDANI YA DISKI

Neno lingine, na tunaliomba walifikiri wakubwa hata kama watakataa mengine yote. Ordinateri sita kati ya zile zilitumika katika biro. Ndani ya diski zake muna majina ya wanafunzi, pointi zao, pesa zilizolipwa na zile ambazo hazikulipwa, barua za wazazi, labda hata barua za kufukuza. Kufuta faili hakutoshi. Fundi mwenye programu anaweza kuirudisha. Diski ikiuzwa kwa kilo, siri za watu zimeuzwa kwa kilo. Diski inapashwa kufutwa yote kwa programu ya kufuta, ao kama haiwaki, itobolewe na perseuse mpaka sahani ya ndani, mbele ya shahidi. Hata kama mutu wa mitraye atakuja kesho asubuhi, neno hili lifanyike leo.

WANAOOGOPA

Kuna wanaoogopa, na hofu yao si ya upuuzi. Tunajibu kwa heshima.

"Batoto batakufa na kuran." Ni hofu ya haki. Alimantasio ina kondansateri kubwa inayoshika volti 300 na zaidi hata kamba ikiisha kutolewa katika prizi. Ekra ya tumbo kubwa inashika maelfu ya volti. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza: hakuna mwanafunzi atakayefungua kisanduku cha alimantasio, na hakuna mutu hata mumoja atakayefungua ekra. Alimantasio inapimwa toka nje, ikiwa mbaya inabadilishwa nzima. Yote mengine yanafanywa kamba ikiwa juu ya meza, inaonekana na wote, haiko katika prizi.

"Bataiba byote." Labda. Mwizi yuko hata katika kwaya. Kwa hiyo wenzetu wa komersiale watafanya envanteri: kila sanduku namba yake, kila kipande namba yake, buku moja linakaa kwa ekonome, na mwisho wa kazi vinahesabiwa. Leo vitu vile havina hesabu yoyote. Anayeogopa wizi angepashwa kuogopa depo ilivyo sasa.

"Ni kazi ya wavulana wa elektrisite." Hapana. Kuchambua visi ndogo na kupangusa meno ya memwari kunataka vidole vyepesi na subira, na dada zetu wamekwisha kutuonyesha katika laboratware nani anavunja vyombo na nani havunji. Kidole kimoja hakivunji chawa. Elektrisite wapime na kusude, komersiale waandike, biochimie watufundishe juu ya sumu, na pedagojia watufundishie wadogo. Na hapa tuonye: kuna wanaosema tutoe zahabu kwa asidi ao kwa zebaki. Hatutafanya. Zahabu ya memwari zote za depo hailipi jicho moja la mwanafunzi.

"Ni Artikle 15 tu." Neno hili linatuumiza kuliko yote. Artikle 15 ni kujipanga bila kanuni: leo unaunga waya na plastiki, kesho nyumba inaungua. Kutengeneza ni kinyume chake. Ni kutazama, kupima, kuandika, kujaribu kitu kimoja kwa mara moja, na kuacha kile usichokiweza. Tukitaka Artikle 15 iishe katika inchi hii, tunapashwa kuanza kufundisha watu kutengeneza kwa kanuni.

OMBI LETU

Basi, kwa heshima, tunamuomba Prefe wetu na komite ya wazazi mambo haya:

1. Kuuza kungoje mpaka mwisho wa trimestri hii. Mabanki tutayabeba sisi wenyewe chini ya barza ya atelie, tutayafunika na bashi.

2. Diski za biro zitolewe juma hili na kuwekwa katika kofre ya ekonome, mpaka zifutwe ao zitobolewe.

3. Jumamosi sita, kisha salongo, saa mbili kila mara, chini ya mwalimu wa elektrisite na mwalimu wa informatike. Wanafunzi kumi na wawili kwa zamu, toka seksio zote. Umeme ukikatika, tunafanya envanteri na kupangusa. Kazi ile haitaki umeme.

4. Vyombo tunavyoomba ni vichache: turnevisi mbili za nyota, burashi tatu, gome, betri za CR2032, na multimetre ya atelie ambayo iko. Wafinalisti watachanga kwa betri.

5. Ordinateri zitakazopona ziwekwe katika chumba cha nyuma ya biblioteke, na kwanza zitumike na mwaka wa kwanza, si na sisi.

6. Masanduku ya chuma yaliyobaki matupu yauzwe kwa mutu wa mitraye bila shida. Chuma ni chuma. Lakini kamba zisitoke hapa kwenda kuchomwa, na ekra zibaki nzima, pahali pakavu, bila kuvunjwa, mpaka apatikane mwenye kuzipokea kwa kanuni. Tunajua kuchunga si kumaliza. Lakini ekra nzima haimuumizi mutu.

Wengine wataona ya kwamba pesa ya mitraye itapungua. Ni kweli, itapungua. Pesa ile itanunua chaki, na chaki itachora klaviye ubaoni. Tunaomba wapime kati ya mambo mawili haya.

Sisi wafinalisti hatutafaidika na chumba kile. Kisha Egzeta tutatawanyika, huyu Kolwezi, huyu Kalemie, huyu univerisite kama Mungu anapenda na wazazi wanapata. Wadogo zetu ndio watakaobaki. Tusingependa wakumbuke ya kwamba makapita wa mwaka huu walijua vitu vile viko ndani, wakanyamaza kwa sababu waliogopa kuonekana wabishi.

Mwenye mawazo mengine, ayaandike katika nomero ijayo. Tutayasoma kwa moyo mweupe. Mwenye turnevisi, aje atuone.

Sisi makapita,
kwa mukono wa kapita mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho